Kupanga nyimbo za roki kwa vijana wa matarumbeta: anza na pumzi ya mtoto, gitaa lifuate

#1 Uyole_Brasi (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Niko Uyole, Mbeya. Kila Jumamosi mchana nakaa na vijana 14 wa matarumbeta. Mdogo ana miaka 11, mkubwa 17. Tuna tarumbeta tano, horni za alto mbili, tromboni tatu, yufoniamu moja, tuba moja na wapiga ngoma wawili. Vyombo vingi ni vya kuazima, na vingine vimeungwa kwa risasi mara mbili tatu. Vijana hawa wanapenda roki. Wanaisikia uwanjani, kwenye simu za kaka zao, kwenye video za mpira. Wakaniomba tuipige. Huu ni mwaka wa nne nawapangia, na yapo mambo niliyoyajua baada ya kuwachosha watoto midomo bure. Nayaweka hapa ili mwalimu wa Tukuyu, Mafinga au Ludewa asianzie nilipoanzia mimi.

Nianze na siku iliyoharibika.

Ilikuwa mahafali ya kidato cha nne, shule moja hapa Mbeya. Tulichagua "Seven Nation Army" ya The White Stripes, wimbo wa mwaka 2003, ule ambao mashabiki wa mpira wanaunguruma bila maneno. Nikapakua karatasi kutoka intaneti, nikatoa kopi, nikagawa. Rifu yenyewe, yaani ile tungo ya gitaa inayojirudia, ina noti saba tu. Niliona wiki mbili zinatosha. Siku ya siku nikahesabu hadi nne, na kilichotoka ni makundi mawili yanayogombana toni nzima, huku tromboni zikipotea kila mwisho wa mzunguko. Wazazi walipiga makofi kwa huruma. Binti wa tarumbeta ya kwanza alilaza chombo mapajani, akainamisha kichwa, hakukiinua mpaka tulipoondoka. Picha ile ninayo hadi leo.

Usiku ule nilikaa na zile karatasi mezani. Makosa yalikuwa matatu, na yote yalikuwa yangu.

Kosa la kwanza ni kii, yaani noti ya nyumbani ambayo wimbo umejengwa juu yake. Nyuzi za gitaa ni E, A, D, G, B, E. Wapiga roki wanapenda kii ya E na ya A kwa sababu uzi mtupu unawapa besi bila kubana kidole. Tarumbeta na tromboni zetu zimejengwa juu ya B-flati. Wimbo ule ni E maina. Kwa mpiga tarumbeta anayesoma karatasi ya B-flati, E maina inageuka F-shapu maina, shapu tatu. Mtoto aliyezoea nyimbo za flati moja au mbili vidole vinamgoma.

La pili ni mikono. Tromboni ina nafasi saba za slaidi, lile bomba linalovutwa mbele na nyuma. Katika zile karatasi rifu ilikuwa inashuka hadi C, kisha B. C ile iko nafasi ya sita, B iko nafasi ya saba. Mtoto wa miaka 11 mkono wake haufiki ya saba. Anarusha slaidi, inaishia njiani, na pale inapoishia hakuna noti ya wimbo.

La tatu ndilo lililotugawa makundi mawili, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu linatuhusu sana sisi wa Nyanda za Juu Kusini.

Wamoraviani na wamisionari wa Berlin walifika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891. Huko kwao kwaya za matarumbeta zilikuwa jambo la kawaida kanisani. Katika mapokeo ya Kilutheri ya Ujerumani mpiga tarumbeta anasoma noti kama zilivyo kwenye kinanda. Akiona B-flati kwenye karatasi, anapuliza bila kubana vali (vile vitufe vitatu vya chombo), na B-flati inatoka. Utaratibu huo ulienezwa sana na mchungaji Johannes Kuhlo (1856–1941), kwa sababu kwaya ya matarumbeta ilitakiwa ichukue kitabu kilekile cha nyimbo cha mpiga kinanda na kukipiga. Bendi za Kiingereza na za Kimarekani zinafanya vingine: pumzi bila vali inaandikwa C, lakini inatoka B-flati.

Sasa angalia kikundi changu. Nusu wamefundishwa kanisani na wazee wanaosoma kama kinanda. Nusu nimewafundisha mimi kwa vitabu vya mtindo wa Kiingereza. Karatasi moja, kundi hili linatoa E, kundi lile linatoa F-shapu. Watoto hawakukosea. Kila mmoja alisoma sawasawa na alivyofundishwa.

Ndiyo maana siku hizi, kabla sijagusa wimbo, nawauliza watoto swali moja: ukipuliza bila kubana kitu, noti ile unaiitaje? Jibu linaniambia nimwandikie karatasi ipi. Programu ya MuseScore ni ya bure na inaweza kutoa karatasi za aina zote mbili kutoka mpangilio uleule. Mwenye kompyuta asiache kuitumia.

Suluhisho la wimbo ule lilikuwa kuupandisha hadi G maina. Andika rifu kwa sauti halisi: G, G, B-flati, G, F, E-flati, D. Tromboni nafasi ni 4, 4, 1, 4, 1, 3, 4. Hakuna mkono unaovuka nafasi ya nne. Tarumbeta wanaosoma Kiingereza wanapata A maina, haina shapu wala flati hata moja. Vali zao ni 1-2, 1-2, wazi, 1-2, wazi, 1, 1-2. Na tuba ya B-flati, oktavu mbili chini ya tarumbeta, vali ni zilezile! Niliwasimamisha mpiga tarumbeta na mpiga tuba wakitazamana, wakaiga vidole vya mwenzake. Dakika kumi, kikundi kizima kilikuwa nayo.

Kwa hiyo nasema hivi: usianze na rekodi ukauliza "tutaipataje?" Anza na mtoto aliye mbele yako, mkono wake, mdomo wake na kitabu alichosomea, halafu wimbo ukate kwa kipimo chake. Karibuni tuchangie.

#2 Tena_Tukuyu

Ndaga fijo mkuu. Hilo la kusoma namna mbili limenikera miaka yote na sikujua linatoka wapi. Kwaya yetu hapa Tukuyu ikialikwa kupiga na wenzetu wa mjini tunapishana toni nzima, kila mtu anamwambia mwenzake hajui noti.

Swali: sisi wengi tunatumia solfa. Haitatui hilo tatizo?

#3 Uyole_Brasi

Mkuu wa Tukuyu, solfa inatatua nusu. Rifu ile kwa solfa ni la, la, do, la, so, fa, mi. Mtoto anaiimba kwanza, na hapo hakuna B-flati wala E. Mimi siku hizi hakuna wimbo unaopulizwa kabla haujaimbwa kwa solfa mara tatu. Ukishaingia sikioni, mdomo unajua unakwenda wapi. Lakini lazima mwishoni umwambie mtoto la yake iko kwenye vali zipi, na hapo ndipo unarudi kwenye swali lilelile la "bila kubana kitu unaiitaje".

#4 BesiYaKihesa

Kamwene! Iringa tupo. Naunga mkono mengi, ila kwenye kii nakupinga. Ukiwazoesha watoto flati mbili kila siku, watakuja kukutana na wimbo wa shapu nne wakiwa watu wazima washindwe. Mimi nawapa E meja tangu mwaka wa pili, wanalia kidogo, wanazoea.

#5 Uyole_Brasi

Mkuu wa Kihesa, hatupingani sana. Kii ngumu ninazifundisha, lakini kwenye mazoezi ya skeli, polepole, mtoto akiwa amekaa, hakuna anayemwangalia. Siku ya kupiga mbele ya watu namtaka apige kwa raha. Roki ikipigwa na mtu anayewaza kidole haiwi roki tena. Hilo silegezi.

Na pia si kila wimbo unadai kuhamishwa. "Smoke on the Water" ya Deep Purple, ya 1972, tayari iko G maina. Rifu yake gitaa linaipiga kwa noti mbili mbili zilizoachana kwa nne, yaani chini D, juu G, zinatembea pamoja. Mpe tromboni ya kwanza ile ya juu: nafasi zake ni 4, 1, 3, na ile D-flati ya kupitia iko nafasi ya 2. Tromboni ya pili apige ya chini: 4, 1, 4, na A-flati nafasi ya 3. Ukiitazama utadhani mtunzi alikuwa na tromboni mkononi. Usiongeze sauti ya tatu katikati. Nilijaribu kuwapa horni waijaze, ikageuka wimbo wa maandamano ya kwenye sikukuu. Nikawanyang'anya.

#6 KinandaNjombe

Naomba ufafanue hapo mkuu. Mimi ni mpiga kinanda, najifunza kupangia matarumbeta. Kwaya ya sauti nne ikiwa haina ile sauti ya tatu ya kodi, yaani ya noti zinazolia pamoja, tunasema imepwaya. Kwa nini kwenye roki tuiache?

#7 Uyole_Brasi

Dada/kaka wa Njombe, umegusa penyewe. Hapa nitakaa.

Gitaa la roki linapita kwenye ampu, yaani kikuza sauti, iliyozidishwa hadi sauti inakwaruza. Mkwaruzo ule unazaa noti nyingine ambazo hakuna kidole kilichozibana. Ukipiga kodi yenye noti tatu, yaani do, mi, so, hizo zinazozaliwa zinagongana na kuwa matope. Ukipiga do na so peke yake, zinazozaliwa zinakubaliana. Kwa mfano G yenye mitetemo 196 kwa sekunde na D ya juu yake yenye takriban 294. Tofauti yao ni 98, nayo ni G ileile oktavu moja chini. Gitaa linajitengenezea besi yake lenyewe! Ndiyo sababu wapiga roki wanaacha mi. Wala hawatuambii kama wimbo ni meja au maina, mwimbaji ndiye anayeamua.

Sasa hamishia kwa watoto. Jumamosi moja nilimsimamisha kijana wa tromboni ya kwanza na wa pili, uso kwa uso, hatua mbili kati yao. Huyu ashike G, huyu ashike D. Mwanzo zilikuwa zinatetemeka, unasikia mawimbi wau-wau-wau. Nikamwambia wa D asogeze slaidi ndani kidogo sana, unene wa kucha. Mawimbi yakapungua kasi. Tena kidogo. Yakasimama. Na hapo chini, kwa mbali, ikaja G nzito ambayo hakuna aliyekuwa anaipiga. Mtoto wa tuba akageuka kuangalia chombo chake, alidhani ni yeye. Wote 14 waliisikia. Tangu siku ile sihitaji kuwaambia "pigeni kwa nguvu". Wanajua kwamba uzito unatoka kwenye kukubaliana kwa sauti. Ukiwaambia watoto wapige kama ampu, wanapasua noti na mdomo unakufa kabla ya kiitikio cha pili.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa rifu nzito ni huu: tuba do ya chini, yufoniamu do oktavu juu yake, tromboni so na do. Horni na tarumbeta kimya. Kimya hicho ni sehemu ya mpangilio.

#8 Tena_Tukuyu

Hilo la tarumbeta kukaa kimya ndilo gumu. Wazazi wa mtoto wa tarumbeta wanakuja kumwona mtoto wao anapuliza, wanamkuta amekaa.

#9 Uyole_Brasi

Ni kweli, na nimeulizwa hivyo na mama mmoja baada ya ibada. Nilimweleza kwamba mdomo wa mtoto ni msuli. Mwimbaji wa roki akipaza sauti dakika nne anapumzika kati ya mistari, na mpiga gitaa kidole hakivimbi. Mtoto wa tarumbeta anayebana mausipisi (kile kipande cha kupulizia) mdomoni dakika nne mfululizo, damu haipiti vizuri, na mwishoni anakandamiza chombo usoni ili noti za juu zitoke. Hapo ndipo tabia mbaya inapozaliwa, na kuiondoa ni kazi ya miaka.

Mimi nahesabu. Mizunguko minne ya kupiga, miwili ya kupumzika. Noti ya juu kabisa kwa mtoto wa mwaka wa kwanza nisiivuke so ya katikati ya karatasi yake ya Kiingereza, au la akiwa anajiweza. Wale wakubwa wawili wanafika mi ya juu, lakini mara moja tu kwa wimbo, na mahali pale pawe ndipo wimbo unapopaa. Ukiitumia mapema umeitupa.

Wakati wa kupumzika nawapa kazi. "We Will Rock You" ya Queen, ya 1977, karibu wimbo wote ni miguu na makofi. Dum dum kofi. Gitaa linaingia mwishoni tu. Watoto wa tarumbeta wanapiga miguu na makofi aya nzima, midomo inapumzika, na mama anamwona mtoto wake anafanya kazi. Vijana wangu walipojua kwamba mwimbaji wa Queen, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946, waliupiga kama wa kwao.

#10 MpendaSingeli_Mwanjelwa

Samahani mkuu, lakini kwa nini tuhangaike na nyimbo za Wazungu? Bongo Fleva ipo, singeli ipo, nyimbo za dansi zenye tarumbeta tangu zamani zipo. Watoto wa Mbeya wapige vya kwao.

#11 Uyole_Brasi

Hoja nzuri, na nakujibu kwa moyo mweupe. Vya kwao wanapiga pia. Dansi ndiyo shule bora ya tarumbeta tuliyo nayo, kwa sababu zile sehemu za matarumbeta zilitungwa na watu waliokuwa wanapuliza. Lakini kumpa mtoto wa mwaka wa kwanza sehemu za dansi ni kumvunja moyo. Ni za haraka, ziko juu, na zinaingia kati ya mapigo.

Roki ina kitu kimoja ninachokihitaji: rifu. Mstari mmoja mfupi, noti tano hadi saba, unaojirudia mara thelathini, na unapigwa na kundi zima kwa pamoja. Kwa anayejifunza hiyo ni zawadi. Mara ya kumi bado anatafuta noti, mara ya ishirini anasikiliza wenzake, mara ya thelathini anacheza. Nikipata rifu ya Kitanzania yenye sifa hiyo naipanga kesho.

#12 BesiYaKihesa

Je, sauti ya mwimbaji mnaifanyaje? Mimi hapo ndipo nakwama. Rifu inapendeza, ikifika kwenye aya tarumbeta wanapiga noti moja mara kumi na mbili, watu wanaanza kuzungumza.

#13 Uyole_Brasi

Umeona sawasawa. Kwenye aya za roki mwimbaji anazungumza zaidi kuliko anavyoimba. Wimbo wenyewe uko kwenye maneno. Ukiondoa maneno unabaki na noti moja inayogongwa kama mlango.

Ninafanya mambo kadhaa. Aya ya kwanza simpi tarumbeta hata kidogo, nampa yufoniamu, kwa sababu sauti yake ina joto na inabeba noti ya kurudia bila kuchosha. Aya ya pili naigawanya: nusu ya mstari horni, nusu ya mstari tromboni, kama watu wawili wanaojibizana. Na aya ya tatu mara nyingi naikata. Kabisa. Hakuna sheria inayosema wimbo wa matarumbeta uwe mrefu kama rekodi. Dakika mbili na nusu zinatosha.

Halafu ulimi. Nawafundisha watoto waseme wimbo kabla ya kuupiga, "tu" kwa noti kavu, "du" kwa noti laini, kulingana na mwimbaji anavyotamka. Akisisitiza neno, noti ile inapata "tu" nzito na ndefu kidogo. Noti ileile moja mara kumi na mbili, lakini sasa ina sura kumi na mbili.

Jihadhari pia na yale magitaa yanayochapa noti moja haraka haraka. Chukua "Eye of the Tiger" ya Survivor, ya 1982. Kii yake C maina ni rafiki kwetu, usiihamishe. Lakini lile gitaa la mwanzo linachapa mara nne kwa kila pigo, na mapigo ni kama 109 kwa dakika. Hiyo ni zaidi ya ndimi saba kwa sekunde. Mtoto hawezi, na mtu mzima anahitaji ulimi wa "tu-ku". Punguza iwe mbili kwa kila pigo, zile nne mpe mpiga ngoma kwenye ngoma ndogo. Msikilizaji haoni tofauti, na mtoto anabaki na ulimi safi wa kugonga zile kodi kubwa zinazofuata. Kodi zile nguvu yake yote iko kwenye kimya kinachozitenganisha. Wahesabu kwa mguu, wasikisie.

#14 KinandaNjombe

Naongeza la huku kwetu. Mwezi wa sita na wa saba Njombe asubuhi ni baridi ya kuuma vidole, na Makete ndiyo usiseme, umande unaganda. Tukipiga matarumbeta na kinanda asubuhi, matarumbeta yako chini. Mchana yamepanda. Wazee wanasema kinanda kimeharibika.

#15 Uyole_Brasi

Kinanda ni kizima, hewa ndiyo imebadilika. Sauti inasafiri polepole kwenye hewa baridi, kwa hiyo bomba lenye urefu uleule linatoa noti ya chini zaidi. Kila hewa ya ndani inaposhuka nyuzi joto moja, noti inashuka karibu senti 3, na nusu toni nzima ni senti 100. Piga hesabu ya tofauti ya nyuzi kumi. Pumzi ya mpigaji inapasha bomba, ndiyo maana baada ya nyimbo mbili mambo yanakaa sawa, na ndiyo maana tuba, yenye bomba refu na pana, inachelewa kuliko wote.

Nafanya hivi: dakika kumi kabla ya kuanza, kila mtoto anapuliza hewa ya moto ndani ya chombo bila kutoa sauti, mausipisi anaishika kwenye kiganja au mfukoni. Asiyepiga aya fulani aendelee kupuliza hewa kimyakimya. Kisha ndiyo tunasogeza bomba la kurekebishia, si kabla. Ukisogeza chombo kikiwa baridi, nusu saa baadaye utasogeza tena.

#16 Tena_Tukuyu

Mkuu, kuna moja hujaligusa na huku kwetu ndilo zito. Vyombo ni vya kanisa. Mzee wa kanisa akisikia tromboni ya Bwana inapiga roki, tutaeleweka?

#17 Uyole_Brasi

Nilienda kwa wazee kabla, sikusubiri wasikie kwa watu. Nilikwenda na vijana watatu na vyombo. Kwanza walipiga wimbo wa kitabuni, sauti nne. Kisha rifu. Kisha nikawaambia wazee idadi ya vijana waliokuwa wanakuja mazoezini kabla ya roki na idadi ya wanaokuja sasa. Mzee mmoja aliuliza maneno ya nyimbo hizo yanasemaje. Nikamweleza ukweli wimbo kwa wimbo, na mbili akazikataa. Tumeziacha, hatujazipiga hata kwa kujificha. Tukakubaliana: ndani ya kanisa nyimbo za kitabuni, kwenye mahafali, harusi na michezo hizi nyingine, na kila mtoto anayepiga roki Jumamosi awepo Jumapili. Siku hizi yule mzee ndiye anayetuletea mafuta ya vali.

Kwa hiyo ongea na wenye vyombo, tena mapema. Ni mali yao na imani yao.

#18 MpendaSingeli_Mwanjelwa

Sawa mkuu, nimekuelewa. Tupia basi PDF za hizo nyimbo hapa, watu wanufaike.

#19 Uyole_Brasi

Hapana, ndugu yangu, hilo sitafanya. Kuupanga upya wimbo wa mtu na kuusambaza ni haki ya mwenye wimbo, hata Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inasema hivyo. Anayetaka kupiga hadharani au kurekodi awaulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Ninachoweza kutoa bila kinyongo ni kazi ya kichwa changu: kii ipi, nani apige nini, nani anyamaze. Hayo yote nimeyaandika humu, na atakayeuliza zaidi nitamjibu.

#20 Makambako_Tuba

Wakuu, mimi ni msomaji kimya, leo nimejiunga ili niulize. Nina vijana wanane hapa Makambako. Jana jioni tumejaribu rifu ya G maina kwa zile namba za tromboni. Mtoto wetu mdogo kuliko wote ameipata kabla ya chai. Lakini tuba yetu ni moja na vali ya pili imenata katikati, haipandi wala haisukumiki, fundi yuko mbali na mahafali ni Ijumaa. Nimfute mpiga tuba kwenye wimbo?

#21 Uyole_Brasi

Usimfute! Kwanza hiyo vali usiilazimishe kwa koleo, utaipinda. Fungua kifuniko cha chini na cha juu, weka matone ya mafuta ya vali pande zote mbili, iache usiku mzima ikiwa imesimama, asubuhi isukume kwa kidole gumba kutoka chini. Ikikubali, ipandishe juu kabisa na uiache hapo.

Ikishapanda, hata kama haishuki tena, rifu yote inapigika bila vali ya pili. Vali ya tatu peke yake inashusha karibu sawa na 1-2 kwa pamoja. Kwa hiyo mahali pa 1-2 mwambie abane 3. Namba zake zinakuwa: 3, 3, wazi, 3, wazi, 1, 3. Zile za 3 zitakuwa chini kidogo, akaze mdomo kidogo tu, au bomba dogo la vali ya tatu lisukumwe ndani kabisa kama limetolewa.

#22 Makambako_Tuba

Imepanda asubuhi hii. Haishuki, kama ulivyosema. Amepiga 3, 3, wazi, 3, wazi, 1, 3, mara kumi na mbili mfululizo, na tromboni juu yake. Dirisha la darasa limetetemeka. Ijumaa tunapiga.